Kurasa 36, na mafaili manne yote yanaitwa index.html: nifanyeje kazi bila kuyachanganya?

KARANI MSTAAFU

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni msaada, na mnivumilie kwa maelezo marefu, maana nataka anayejibu aione hali yenyewe kabla hajaniambia cha kufanya.

Mimi ni mama wa miaka 57, niko Pangani. Kazi yangu ya maisha ilikuwa masjala: majalada, folio, daftari la barua zinazoingia na zinazotoka. Nilistaafu kwa hiari, na sasa nasimamia nyumba ya wageni ya familia yetu, vyumba tisa, si mbali na kivuko cha kwenda Bweni. Tovuti yetu aliitengeneza mpwa wangu kwa mkono, HTML tupu, yaani kila ukurasa ni faili la maandishi lenye msimbo wake. Alipopata kazi Dodoma aliniachia folda nzima kwenye flashi, akanifundisha kufungua ukurasa kwenye Notepad++, kubadili maneno, kuhifadhi, kisha kuupandisha kwa FileZilla, programu ya kupeleka mafaili kwenye seva inayohifadhi tovuti. Kubadili bei ya chumba au ya boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe nimeshazoea, dakika tano nyingi.

Wiki iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Namba ya simu ya nyumba ilisajiliwa kwa jina la mpwa, na ndiyo anayoitumia mwenyewe huko aliko, kwa hiyo tumechukua laini mpya kwa jina langu. Namba ya zamani inatakiwa itoke kwenye kila ukurasa. Kurasa ni 36: kuna Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, kila lugha na folda yake yenye kurasa 11, na nyingine tatu ziko nje ya folda hizo.

Nilizifungua zote 36 kwa mara moja. Vichupo vikajipanga juu mpaka vingine havionekani. Nikaanza kushoto kwenda kulia, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Saa nne usiku nikafika kwenye ukurasa wa mbele wa Kiswahili, nikaurekebisha vizuri, na kwa kuwa ule wa nje kabisa ni Kiswahili hicho hicho, nikaona kazi nisiirudie. Nikachagua yote, nikakopi, nikaenda kwenye kichupo kilichoandikwa index.html, ndilo jina la faili la ukurasa wa mbele, nikapesti, nikahifadhi. Sasa, vichupo vyenye jina hilo ni vinne. Nilichokifunika kilikuwa cha Kijerumani, na sikujua. Nikapandisha folda yote kwenye seva, nikafunga kompyuta, nikalala. Asubuhi mgeni wa Hamburg akaniandikia kwamba akibonyeza bendera ya Ujerumani anapata Kiswahili.

Ctrl+Z haisaidii tena, programu nilishaifunga. Nakala niliyo nayo ni hiyo hiyo ya kwenye flashi. Na Kijerumani mimi sikijui hata neno.

Masjala, jalada halikutoka rafuni bila kuandikwa limekwenda kwa nani, na majalada mawili hayakupewa namba moja hata siku moja. Hapa nimeyaweka mezani manne yenye jina moja nikayafungua kwa pamoja. Imeniuma, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nawakataza vijana wapya miaka yote.

Naomba kujua: nitatambuaje kichupo ninachoandika ni cha folda ipi? Kuna njia ya kubadili namba kwenye kurasa zote kwa pamoja? Kila nikibadili kitu ni lazima nipandishe folda yote? Ina picha nyingi, na bando linaisha. Na huo ukurasa wa Kijerumani, unaweza kupatikana tena?

KIJANA WA TANDALE

Shikamoo mama. Pole sana. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka.

Kwanza usiguse kitu kingine kwenye flashi. Nakili folda nzima uiweke kwenye kompyuta, uipe jina lenye tarehe ya leo, na hiyo usiifungue kufanyia kazi kamwe. Ya kazi iwe nyingine, nayo iwe kwenye kompyuta, si kwenye flashi. Flashi inachomolewa vibaya mara moja tu, faili lililokuwa linaandikwa linabaki nusu.

Kisha mpigie mpwa, huenda ana nakala yake. Waulize na wenye seva kama wanaweka akiba ya kila wiki. Kama kote hakuna, nenda web.archive.org, andika anwani kamili ya ukurasa wako wa Kijerumani. Wale huzunguka intaneti wakihifadhi kurasa, na hata tovuti ndogo mara nyingi huwa wamezipitia. Ukiuona, usikopi hivyo hivyo, kwa sababu wanaongeza msimbo wao juu ya ukurasa. Angalia anwani: katikati kuna tarakimu 14, ni tarehe na saa. Mara tu baada ya tarakimu ya mwisho, kabla ya mkwaju (/), andika id_ halafu bonyeza Enter. Hapo unapata ukurasa kama ulivyokuwa, bila nyongeza zao. Bonyeza Ctrl+U uone msimbo, ndio ukopi.

Sasa vichupo. Mama, acha kufungua mafaili, fungua folda. Kwenye Notepad++ nenda menyu ya File, kuna sehemu ya kufungua folda kama eneo la kazi. Upande wa kushoto itatokea orodha: de, en, sw, picha, css, zote kwenye mti mmoja. Utafungua faili kutoka kwenye ule mti, na ukimaliza nalo unalifunga. Mimi sizidishi vichupo vitano. Kila unapotaka kupesti kitu kikubwa, inua macho mpaka juu kabisa ya dirisha: Notepad++ inaandika njia kamili ya faili ulilo ndani yake, pamoja na folda. Ukiona \de\index.html na wewe ulitaka ya nje, unasimama hapo hapo. Alama ndogo ya diski kwenye kichupo nayo inasema: nyekundu maana yake hujahifadhi, bluu umehifadhi.

Ukiona kompyuta yako inahimili, jaribu Visual Studio Code, ni bure. Yenyewe mafaili mawili ya jina moja yakiwa wazi inaandika jina la folda pembeni ya kila kichupo bila kuombwa. Ila ina tabia moja inayochanganya wageni: ukibonyeza faili mara moja kwenye orodha, jina linakuja kwa maandishi ya kulala, na ukibonyeza jingine linachukua nafasi ya lile la kwanza. Ukitaka faili libaki, bonyeza mara mbili.

Kuhusu bando: HTML ni nyepesi sana, kurasa zako zote 36 hazifikii uzito wa picha moja ya simu. Zinazokula bando ni picha, na hizo hujazigusa. FileZilla ina kitufe cha kulinganisha folda ya kwako na ya seva, kwa ukubwa au kwa saa ya mabadiliko. Ukikiwasha, yaliyotofautiana yanapakwa rangi. Unapandisha hayo tu.

KARANI MSTAAFU

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Ukurasa nimeupata! Mpwa hakuwa na nakala, lakini kwenye hiyo akiba ya intaneti upo, bei ni za zamani lakini maneno yote yapo. Nimefanya ya id_ kama ulivyosema.

Kuna jambo moja tu. Nimetengeneza faili jipya, nikapesti, nikahifadhi kwenye folda ya de. Kwenye Notepad++ maneno yako sawa, lakini kwenye kivinjari mahali pa Frühstück panasomeka FrÃ¼hstÃ¼ck, na kila penye herufi za nukta mbili ni hivyo hivyo. Nimekosea wapi?

KIJANA WA TANDALE

Hujakosea mama. Angalia mistari ya juu ya huo ukurasa, nadhani utakuta mpwa aliandika charset=iso-8859-1, ndilo tangazo linalokiambia kivinjari herufi zimehifadhiwa kwa mtindo gani. Faili lako jipya Notepad++ imelihifadhi kwa UTF-8, mtindo wa sasa, lakini ukurasa unaendelea kukiambia kivinjari kisome kwa mtindo wa zamani. Badilisha hapo iwe utf-8, hifadhi, fungua tena.

Usibadili kwenye kurasa nyingine za Kijerumani bila kuangalia. Chini kulia kwenye Notepad++ panaandikwa faili limehifadhiwa kwa mtindo gani. Kama panasema ANSI, ndio mtindo wa zamani, inabidi uligeuze kwanza kutoka menyu ya Encoding, kwa ile amri ya kugeuza, ndipo ubadili hilo tangazo la charset.

FUNDI WA NYALI

Salaam kutoka Mombasa. Mama, hongera kwa kuupata. Nami niseme kuhusu namba, maana hapo watu huumia.

Kihariri chako kinaweza kutafuta ndani ya mafaili yote ya folda kwa pamoja. Notepad++ ni Ctrl+Shift+F. Unaandika unachotafuta, unachagua folda ya tovuti, kwenye kichujio unaandika *.html, na unahakikisha kisanduku cha folda za ndani kimewekwa alama. Kuna kitufe cha kutafuta yote na kuna kitufe cha kubadilisha yote. Hicho cha pili usikiguse kwanza! Kinaandika moja kwa moja kwenye mafaili ambayo hata hujayafungua, na Ctrl+Z haikurudishi.

Tafuta kwanza uhesabu. Na usitafute namba nzima, tafuta tarakimu tatu za mwisho peke yake. Sababu ni kwamba namba ya simu ndani ya ukurasa mmoja huandikwa kwa sura nyingi. Ile ya kusomwa na wageni huwa na nafasi katikati. Ile iliyo ndani ya kiungo cha kupiga huanza na tel:+255 na haina nafasi. Ile ya WhatsApp huja baada ya wa.me/ na haina jumlisha wala sifuri ya mbele, yaani 255 halafu tarakimu tisa. Pengine na nyingine imejificha juu kwenye maelezo ya ukurasa yanayosomwa na Google, mgeni haioni. Ukibadilisha sura moja tu, macho yako yataona namba mpya, lakini anayebonyeza WhatsApp anaongea na mpwa wako Dodoma. Nilimtengenezea mteja mmoja hapa, akakaa miezi mitatu akishangaa kwa nini hapati wateja wa WhatsApp. Namba mpya ilikuwa imeandikwa vizuri ukurasani, kiungo kilichokuwa chini yake kilikwenda kwa mtu mwingine.

Tarakimu tatu za mwisho ni mara chache mtu kuziweka nafasi katikati, kwa hiyo zitakutolea sura zote. Matokeo yanakuja chini, faili kwa faili, mstari kwa mstari, ukibonyeza mara mbili unapelekwa pale pale. Yasome yote. Ukishajua sura ziko ngapi, badilisha sura moja, hesabu, kisha nyingine.

KARANI MSTAAFU

Ndugu yangu wa Nyali, leo nimeshinda na kazi hii na nataka nikueleze nilichokikuta. Zile kurasa nilizokuwa nimezianza wiki ile niliziwekea kwanza namba ya zamani, ili nihesabu zote kwa pamoja.

Nilipotafuta namba kama inavyosomeka ukurasani, yenye nafasi, nilipata 39. Laiti ningeishia hapo ningesema kazi imekwisha. Nilipotafuta tarakimu tatu za mwisho, 640, zikaja 123! Nikachukua daftari nikazigawa. Sehemu ya chini ya kila ukurasa inayo mara tatu: ya kusoma, ya tel na ya wa.me, hizo ni 108. Kurasa tatu za mawasiliano zina tatu tatu za ziada, tisa. Na zile index nne kila moja ina moja imejificha juu karibu na neno telephone, sikuwahi kuiona tangu tovuti ianze. Jumla 121. Mbili zilizobaki si simu, ni picha ya IMG_0640.jpg iliyotumika mahali pawili. Ningebadilisha zote kwa kitufe kimoja, picha hiyo ingepotea kwenye kurasa zote mbili.

Nimebadilisha sura kwa sura, nikitafuta tena baada ya kila moja. Ya kwanza ikaacha 84. Ya tel ikaacha 45. Ya wa.me ikaacha sita, zile nne na picha mbili. Zile nne nikazifanya kwa mkono, nikisoma njia juu ya dirisha kila mara, na nikaziandika daftarini: jina la folda, jina la faili, saa.

Halafu nikafungua ukurasa kwenye simu yangu, na namba ya zamani nikaiona inanitazama! Iko kwenye bango la juu, imechorwa ndani ya picha. Kutafuta hakuwezi kuiona kwa sababu si maneno. Mpwa amenichorea bango jipya jana usiku, nimelipandisha kwa jina lile lile, lakini simu bado inaonyesha la zamani.

FUNDI WA NYALI

Mama, hesabu zako zimenifurahisha mno. Wengi walio kazini hawahesabu hivyo.

Bango: kivinjari kimeweka picha ya zamani akibani, kikiona jina lile lile hakiombi mpya. Lipe jina jingine, bango-2.jpg, kisha tafuta bango.jpg kwenye mafaili yote ubadilishe. Tafuta na kwenye *.css, mafaili ya mwonekano wa kurasa, huenda linaitwa kutoka huko.

MWALIMU WA MOROGORO

Wakuu, mnampa mama dawa ya kutuliza maumivu. Mwakani namba au barua pepe ikibadilika atarudia hesabu ya 121. Ile sehemu ya chini ni ile ile kwenye kurasa zote, kwa nini iandikwe mara 36?

Mama, seva nyingi zinaelewa PHP, lugha ya msimbo inayounganisha vipande vya ukurasa hapo hapo kwenye seva. Unatoa sehemu ya chini unaiweka kwenye faili lake, tuseme chini.php, ndani ya folda uliyoiita vipande. Kwenye kila ukurasa, mahali pake unaweka mstari mmoja:

<?php include __DIR__ . '/../vipande/chini.php'; ?>

Hizo nukta mbili ni za kurasa zilizo ndani ya folda za lugha, zinapanda ngazi moja. Zilizo nje hazihitaji. Ukibadili chini.php, kurasa zote zimebadilika, na unapandisha faili moja.

Kuna mitego mitatu. Viungo ndani ya hicho kipande vianze na mkwaju, kama /picha/nembo.png, kwa sababu kipande kinaitwa kutoka folda tofauti. Faili lihifadhiwe UTF-8 bila BOM, ile alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, vinginevyo unaweza kupata pengo tupu ukurasani usilojua limetoka wapi. Na ukurasa hautafunguka tena kwa kubonyeza faili mara mbili, utahitaji PHP kwenye kompyuta. Ukiweka XAMPP, programu inayokuja na PHP ndani yake, fungua dirisha la amri ndani ya folda ya tovuti, andika C:\xampp\php\php -S localhost:8000 kisha nenda kwenye anwani hiyo kwa kivinjari. Hiyo inafanya ile mikwaju ya mbele ifanye kazi sawasawa na kwenye seva.

KIJANA WA TANDALE

Mwalimu, nakubaliana nawe, ila umeruka jambo. Kurasa zake zinaishia .html. Akizigeuza .php, viungo vyote vya wageni na vya tovuti za utalii vinavyoelekea kwake vinakufa, mpaka aweke maelekezo ya 301, yanayompeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya, kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva. Na lugha ni tatu, kwa hiyo chini.php zinakuwa tatu. Kazi nzuri, lakini si ya wiki hii ambayo ametoka kuokoa ukurasa uliopotea.

KARANI MSTAAFU

Wote nimewasikia, na nimeamua hivi. Ya mwalimu nitaifanya, lakini mwezi wa nne wageni wakipungua, na nitaanza na kurasa mbili za nakala ambazo haziko kwenye seva. Mpwa amekubali kuja siku ya Pasaka tukae pamoja tuandike hayo maelekezo ya 301.

Kwa sasa folda ya kazi iko kwenye kompyuta, nakala yenye tarehe iko kwenye flashi, na nyingine nimempelekea mpwa. Bango lilikuwa linaitwa kutoka kwenye CSS kweli, mstari mmoja tu, nimeubadilisha na kwenye simu limekuja jipya. Nimebonyeza kitufe cha WhatsApp katika kila ukurasa wa lugha zote tatu kwa simu ya jirani, kurasa zote 36, na kila mara mazungumzo yaliyofunguka ni ya namba hii yangu.

Yule mgeni wa Hamburg nimemwomba ausome ukurasa wa Kijerumani uliorudi. Amejibu kwamba unasomeka vizuri, ila chumba cha bahari kimeandikwa bei ya zamani. Nimekwenda kwenye mti wa kushoto, de, index.html, nikasoma njia juu ya dirisha, nikabadilisha hiyo bei moja, nikahifadhi, nikapandisha faili moja.